Tarakimu Nane

Jumatano, kipindi cha tano, Kidato cha Pili B.
Umeme umekatika tangu saa mbili
na Wete yote inanuka karafuu mbichi,
zimeanikwa hadi kwenye goli la uwanja wa shule.
Naandika ubaoni:

73939133

Milioni sabini na tatu, laki tisa
na thelathini na tisa elfu, mia moja thelathini na tatu.
Hii, nawaambia, ni namba tasa.
Haigawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake.

Kule dirishani mtu anachekea puani.

Tasa.
Najua neno hili linavyotua kwa watoto wa Pemba.
Wanaijua nyumba ninayokaa, nyuma ya soko,
na kamba yangu ya nguo isiyopata kuanikwa nepi.
Miaka kumi na moja ya ndoa
(kumi na moja nayo ni tasa, kama mnataka kujua).
Nimekunywa makombe hadi ulimi ukaonja wino.
Mavyaa amenihesabia miezi kwa vidole,
vidole vikamwishia, akaanza kwa punje za mahindi.

Sigombi. Natia kiganja kuliani,
kule tunakoanzia kusoma chuoni,
nafuta tarakimu moja.

7393913

Bado tasa, nasema.
Nafuta.

739391
73939

Bado.

7393

Shaame, anayemuuzia baba yake duka la mafuta ya taa,
hanisadiki. Anaijaribu nyuma ya daftari
kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu,
kalamu yake inakoroma kwenye karatasi.
"Haikubali, Mwalimu."
Haitakubali, mwanangu. Endelea.

739
73
7

Saba imebaki peke yake kushotoni
kama kigingi ambacho mbuzi wake amekwenda.

Sasa, nasema, irudisheni daftarini.
Saba imzae sabini na tatu,
naye amzae mia saba thelathini na tisa,
na huyo amzae wake, hivyo hivyo mpaka juu.
Wanaandika. Darasa zima kimya,
reki tu huko nje zinageuza karafuu.
Tasa amezaliwa na tasa, aliyezaliwa na tasa,
na hakuna hapo aliyeulizwa.

Ndipo Mize, yule wa dirishani, aliyecheka,
ananyoosha mkono, kidole kina wino:
"Na hii ya mwisho, Mwalimu? Inamzaa nani?"

Nilishajaribu, Mize.
Mwezi mzima wa Ramadhani, baada ya tarawehe,
niliibandika mkiani kila tarakimu iliyopo duniani.
Sufuri, mbili, nne, sita, nane: zinapasuka katikati.
Tano inaangukia kwa tano.
Moja na saba, tatu inazila zote mbili.
Tatu yenyewe na tisa zilinikesha,
nikafikiri, labda,
nikaona haya kuomba dua kwa ajili ya namba,
nikaiomba.
Nazo zikapata wa kuzigawa.

Haina mtoto, nasema.
Na katika ukoo huu wote, nasema,
hakuna aliyewahi kuwa mkubwa kuliko yeye.

Hakuna anayecheka. Sijui kama wameelewa,
au ni njaa ya saa sita.
Kengele inalia, ile rimu ya gari iliyotundikwa mlangoni.
Wanatoka wakisukumana.
Mize anapita mwisho, namba ameiandika mkononi,
kuanzia kifundo, tarakimu nane,
ya mwisho imekaa kwenye ukucha.

Nyumbani, mavyaa ananitazama kiganja:
"Umekanda unga wa nini mchana huu?"

Nanyamaza. Nafungua bomba, maji yanakuja kidogo kidogo.
Nanawa tarakimu saba.
Ya nane nimeiacha ubaoni.